Kabla ya Kuzima Taa, Angalia Jiko

Mwezi uliopita tulipewa kazi ya kawaida: andikeni makala fupi kwa wateja, mambo kumi ya kufanya ili kutunza mazingira. Kazi rahisi, tulidhani. Unaingia mtandaoni, unaokota vidokezo, unaweka picha ya mche na mkono ulioshika simu, unamaliza kabla ya chai ya saa nne. Orodha ilikuwa tayari: zima taa usizotumia, chomoa chaja ukutani, kataa risiti ya karatasi, lipa kwa simu.

Kisha mwenzetu mmoja wa dawati la huduma kwa wateja akaisoma na kuuliza, "Mama yangu pale Kayole anapika na makaa kila siku. Hii orodha yenu inamsaidia na nini?"

Tukanyamaza. Kati ya mambo kumi, hakukuwa na neno hata moja kuhusu jiko.

Tuliifuta orodha ile na kuanza upya. Hoja yetu ni hii: ushauri mwingi kuhusu nyayo za kaboni unaosomwa Kenya uliandikwa kwa ajili ya mtu anayeishi nchi nyingine, na umetufanya tuangalie mahali pasipofaa. Ukitaka kujua nyayo zako ziko wapi, usianze na swichi ya taa. Anza na jiko, kisha barabara. Taa zije mwisho. Na habari nzuri ni kwamba tayari unayo daftari lenye sehemu kubwa ya majibu. Liko kwenye simu yako.

Nyayo za kaboni ni kitu gani hasa?

Kwa Mkenya aliyekunywa maziwa ya shule enzi zile, neno "nyayo" lina kumbukumbu zake. Hapa tunamaanisha kitu kingine: jumla ya gesi zinazopasha dunia joto ambazo hutoka kwa sababu ya maisha yako. Unapika, unasafiri, unanunua, unatupa. Kila kitu kina moshi wake, hata kama huuoni. Gesi kubwa ni kaboni dioksidi, na hupimwa kwa kilo kama unga.

Hapa kuna namba chache za kuweka kichwani. Lita moja ya petroli ikichomwa hutoa takriban kilo 2.3 za kaboni dioksidi. Lita ya dizeli hutoa takriban kilo 2.7, na mafuta taa takriban kilo 2.5. Kilo moja ya gesi ya kupikia hutoa takriban kilo 3.

Utauliza, lita ya petroli haifiki hata kilo moja, inatoaje kilo mbili na zaidi? Swali zuri. Kaboni iliyo ndani ya petroli inapoungua hujiunga na oksijeni ya hewani, na uzito wa ile oksijeni unaongezeka juu yake. Si uchawi.

Tulisoma stetimenti zetu wenyewe

Badala ya kubahatisha, watatu kati yetu tulifungua taarifa ya miamala ya mwezi mmoja, ile wengi wetu huita stetimenti, tukaipitia mstari kwa mstari. Tokeni za stima. Gesi. Nauli. Petroli. Na kwa mwenzetu wa Kayole, pesa alizomtumia mama yake "za makaa", karibu kila siku, kidogo kidogo.

Halafu tukapiga hesabu. Si hesabu ya maabara, ni makadirio ya watu waliosomea masoko, lakini yanatosha kuonyesha picha.

Wa kwanza anaishi peke yake kwenye bedsita Kahawa West. Alitumia yuniti 20 za stima, mtungi mmoja wa gesi wa kilo 6, na matatu kwenda na kurudi kazini siku 22, umbali wa kama kilomita 20 kila upande. Stima: tukikadiria kwa ukarimu gramu 100 kwa yuniti, ni kilo 2. Gesi: kilo 18. Matatu: tukichukulia gari la watu 14 linalokunywa lita moja ya dizeli kila kilomita 10, na limejaa, fungu lake ni karibu kilo 17 kwa mwezi.

Wa pili anakwenda umbali uleule kwa gari lake, peke yake, linalokwenda kilomita 12 kwa lita ya petroli. Kwa mwezi: karibu kilo 170. Barabara ni ileile, jam ni ileile na saa ya kufika ni ileile. Moshi wake ni mara kumi ya ule wa mwenzake wa matatu.

Wa tatu ni yule mwenzetu, na hesabu ni ya nyumba ya mama yake, ambako wanakula watu watano. Tulikadiria kilo moja na nusu ya makaa kwa siku, yaani kilo 45 kwa mwezi. Makaa hayo yakiungua jikoni hutoa kama kilo 135 za kaboni dioksidi. Na huo ni moshi wa jikoni tu. Ule wa kuchoma miti kuwa makaa tutaufikia.

Sasa rudi kwenye orodha yetu ya kwanza. Stima, ambayo ilichukua karibu nusu ya vidokezo, ndiyo iliyokuwa ndogo kuliko vyote.

Kwa nini stima yetu ina moshi kidogo

Karibu asilimia 90 ya umeme wa Kenya hutoka kwenye vyanzo visivyochoma mafuta. Sehemu kubwa zaidi ni mvuke wa ardhini kule Olkaria, karibu na Naivasha, ambako mtambo wa kwanza ulianza kazi mwaka 1981. Kuna mabwawa ya Mto Tana, kuanzia Masinga hadi Kiambere. Kuna mitambo 365 ya upepo kule Loiyangalani, Marsabit, yenye uwezo wa megawati 310. Kuna jua la Garissa. Na kuna umeme wa maji tunaonunua kutoka Ethiopia.

Afrika Kusini, kwa kulinganisha, hupata zaidi ya asilimia 80 ya umeme wake kwa kuchoma makaa ya mawe. Balbu ileile ikiwaka Johannesburg ina moshi wa karibu mara kumi ya ile inayowaka Nakuru. Kwa hiyo mtu wa kule akiambiwa "zima taa uokoe dunia", ni kweli kabisa. Ukiuchukua ushauri huo ukaubandika Kenya bila kuupima, unapotea njia.

Piga hesabu hii. Balbu ya LED ya wati 10, ikiwaka saa tano kila usiku kwa mwezi mzima, hutumia yuniti moja na nusu. Kwa makadirio yetu hiyo ni gramu 150. Gari lenye mtu mmoja hutoa gramu hizo kabla halijamaliza kilomita moja. Na ile chaja uliyoacha ukutani bila simu? Kwa kawaida haimalizi hata yuniti tatu kwa mwaka mzima.

Hatusemi uache taa zikiwaka. Zizime, kwa sababu tokeni ni pesa, na pesa ni zako. Pia jioni, kama kuanzia saa moja hadi saa nne, watu wote wamerudi nyumbani na mahitaji yanapanda. Hapo ndipo mitambo ya mafuta, kama ile ya Kipevu Mombasa, huitwa kusaidia. Kwa hiyo pasi na bafu la maji moto la umeme ukivitumia nje ya saa hizo, unasaidia kiasi. Bafu la wati 5,500 kwa dakika kumi tu linakula karibu yuniti nzima. Hiyo ni kama kuwasha ile balbu yetu saa 90. Kama unatafuta pesa zako zinapopotelea, ulizia huko, si kwenye balbu.

Jiko: hapa ndipo penye kazi

Julai mwaka jana, baridi ilipokaza Nairobi, mama wa mwenzetu alifanya jambo ambalo nyumba nyingi hufanya. Alipomaliza kupika, aliliingiza jiko chumbani ili wajukuu wapate joto, akafunga mlango na dirisha. Baada ya muda mtoto mmoja akalalamika kichwa, kisha akatapika. Wakadhani ni chakula. Jirani aliyekuja kuomba chumvi ndiye aliyefungua mlango, akasikia joto zito la makaa, akawatoa wote nje. Walipona. Si kila nyumba hupata jirani wa kuomba chumvi.

Makaa yanayoungua mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi. Haina harufu, haina rangi, na inaua mtu akiwa usingizini. Na hata pale isipoua usiku mmoja, moshi wa jikoni hukaa kwenye mapafu kwa miaka. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hewa chafu ya majumbani, inayotokana na kupika kwa kuni, makaa na mafuta taa, huua watu wapatao milioni tatu duniani kila mwaka. Ndiyo maana tulisema makala hii haiwezi kuanza na taa.

Tuje kwenye kaboni. Makaa hayaanzi kwenye mkebe wa mama muuzaji. Yanaanza kwenye mti. Kwenye tanuri la kawaida la udongo, kilo 10 za mti hutoa kilo moja au mbili tu za makaa. Zilizobaki zimekwenda angani, na kati yake kuna methani, gesi inayopasha joto kuliko kaboni dioksidi. Zile kilo 45 za Kayole kwa mwezi zilitoka kwenye kilo 225 hadi 450 za mti. Nyumba moja, mwezi mmoja.

Kuna mtu atasema: lakini mti huota tena, na ukiota hunyonya ile kaboni. Ni kweli, ukiota. Mti uliokatwa na kupandwa mwingine unalipa deni lake polepole. Uliokatwa kwenye ardhi kavu na kuachwa hivyo haulipi kitu. Na ile methani ya tanuri, pamoja na moshi wa jikoni, hakuna mti unaourudisha kwenye mapafu yako.

Sasa, rahisi sana kwetu tuliokaa ofisini kusema "nunua gesi". Tulikaribia kuandika hivyo. Lakini yule mwenzetu alitukumbusha kwamba mama yake hachagui makaa kwa sababu ameyapenda. Anayachagua kwa sababu makaa yanauzwa kwa mkebe, na pesa zake pia zinaingia kwa mkebe. Leo mia, kesho mia mbili, keshokutwa hakuna. Gesi inataka pesa zote siku moja. Tatizo hapo si ujinga wala uvivu. Tatizo ni kwamba bei ya kitu safi huja kwa mkupuo, na kipato huja kwa vipande.

Hapa ndipo tunaamini simu inaweza kufanya kazi ya maana kuliko kukataa risiti. Ukiweka shilingi 50 kando kila siku kwenye akaunti ya akiba, siku 30 ni shilingi 1,500. Linganisha na bei ya kujaza meko mtaani kwako. Huenda inatosha, huenda inapungua kidogo, lakini mkupuo umegeuka vipande. Zipo pia huduma za gesi ya kulipia kidogo kidogo kwa simu, mtungi ukiwa na mita yake, na majiko yanayouzwa kwa malipo ya polepole.

Ila tunakuomba jambo moja kabla ya kukubali mkataba wowote wa kulipa polepole, hata kama umeuona kwenye tangazo letu. Jumlisha malipo yote hadi siku ya mwisho. Weka jumla hiyo karibu na bei ya kununua taslimu. Tofauti ndiyo gharama ya kusubiriwa. Kama unaiona na bado inakufaa, sawa. Kama hujaiona, usiguse PIN yako.

Na kama bado uko kwenye makaa, kuna mambo yanayosaidia hata kabla ya kubadilisha jiko:

Loweka maharagwe na mahindi usiku kucha. Githeri iliyolowekwa huiva mapema, na kila dakika unayopunguza ni makaa uliyobakisha.

Funika sufuria. Ni jambo dogo ambalo mama zetu walitupigia kelele kwalo, na walikuwa sahihi.

Tumia jiko lenye udongo ndani. Jiko hili la kauri lilitengenezwa hapa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, mafundi wa jua kali wakalisambaza, na linapunguza makaa kwa kama asilimia 30 hadi 50 ukilinganisha na lile la bati tupu. Hapa hatukuhitaji kusubiri kuletewa ubunifu kutoka nje.

Washa jiko nje, na usilale nalo ndani. Hili si la kaboni. Ni la uhai.

Kwa nyumba zenye stima ya uhakika, kuna jambo ambalo wengi hawaliamini mpaka waone: sufuria ya presha ya umeme. Kwa kuwa imefungwa na haipotezi joto, chungu cha maharagwe kwa kawaida hakimalizi yuniti moja. Kwa stima yetu hiyo ni chini ya gramu 100 za kaboni. Jiko la makaa likichemsha chungu hicho kwa saa mbili au tatu linaweza kula kilo nzima ya makaa, yaani kilo 3 za kaboni dioksidi. Hata ukisamehe nusu kwa sababu miti mingine huota tena, tofauti bado ni kubwa sana. Angalia tu kiwango chako cha stima: tangu 2023, ukipita yuniti 30 kwa mwezi unatoka kwenye bei ya chini kabisa. Pika vyakula vya muda mrefu kwa presha, vya haraka kwa gesi, na hesabu zako zitakaa vizuri.

Barabara: moshi hutegemea mmekaa wangapi

Tumeshaona tofauti ya matatu na gari la mtu mmoja. Hatutaki kumsuta mwenye gari. Wengine wana watoto wa kupeleka shule, wengine kazi zao huisha usiku ambapo kungoja stejini ni hatari. Lakini kama majirani wanne wa ploti moja wanakwenda mtaa mmoja wa kazi kwa magari manne, hapo kuna jambo la kuzungumza. Mkienda kwa gari moja na kugawana mafuta, moshi wa kila mmoja unashuka hadi karibu robo. Na kugawana mafuta siku hizi ni rahisi: kila Ijumaa kila mtu anatuma fungu lake, hakuna kudaiana.

Boda boda ya petroli inayokwenda kilomita 40 kwa lita hutoa kama gramu 57 kwa kilomita, wakati gari la mtu mmoja hutoa karibu gramu 190. Na sasa pikipiki za umeme zinaonekana zaidi, na basi za umeme zilianza kubeba abiria Nairobi mwaka 2022. Hapa ndipo stima yetu ya Olkaria inakuwa na faida mara ya pili: gari la umeme Kenya linatembea kwa mvuke, maji na upepo. Kwingine linatembea kwa makaa ya mawe.

Kisha kuna safari ambayo hukuifanya kabisa. Mtu aliyekuwa akipanda matatu kwenda mjini kulipa bili, anga ikiwa na mvua, na sasa analipa akiwa nyumbani, amepunguza nyayo kweli. Hilo tunalisema bila aibu kwa sababu ndiyo kazi yetu. Lakini kukataa risiti ya karatasi peke yake? Ni sawa, fanya, ila tafadhali usidhani umemaliza. Sisi wenyewe tumewahi kukupigia makofi kwa hilo kuliko linavyostahili.

Nani anafaa kuona haya?

Tufike kwenye jambo lililotusumbua zaidi. Baadhi yetu tulitoka chuo juzi tu, na darasani tulijifunza jinsi neno zuri linavyoweza kuhamisha lawama. Mojawapo ya kampuni zilizofanya neno hili la nyayo za kaboni kuwa maarufu ni BP, kampuni ya mafuta ya Uingereza, kupitia matangazo yake ya miaka ya 2000 na kikokotoo cha mtandaoni ambacho kila mtu angepima nyayo zake mwenyewe. Fikiria: anayechimba mafuta anakuuliza wewe umechafua kiasi gani. Kama kazi ya masoko, ilifanikiwa sana. Kama haki, hapana.

Tazama ukubwa wa fungu letu. Ukihesabu kaboni dioksidi inayotokana na mafuta na viwanda, Mkenya wa kawaida ana chini ya nusu tani kwa mwaka. Wastani wa dunia ni kati ya tani nne na tano. Mmarekani ana kama tani 14. Safari moja ya ndege, Nairobi hadi London na kurudi, inapita tani moja kwa abiria. Yaani abiria huyo kwa siku mbili za angani amepita kile ambacho Mkenya wa kawaida hutoa kwa miaka miwili.

Na bado sisi ndio tunaolipa. Kati ya 2020 na 2023 misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo, na wafugaji wa kaskazini walihesabu mizoga badala ya mifugo. Mwaka 2024, Machi hadi Mei, mvua zilezile tulizozisubiri zilikuja kwa hasira, mafuriko yakaua zaidi ya watu 200, kutoka Mathare hadi Mai Mahiu. Kwa hiyo mtu akija kumwambia mama mboga kwamba yeye ndiye tatizo la hali ya hewa duniani, tunakataa.

Lakini hatukubali pia kwamba kwa sababu lawama si yetu, basi hakuna la kufanya. Mama wa Kayole hapunguzi makaa ili Marekani ipumue vizuri. Anapunguza ili wajukuu wake walale salama, pesa zibaki, na vilima vinavyotunza maji visibaki vipara. Kaboni inapungua njiani, kama faida ya ziada. Huo ndio mpangilio tunaouamini: anza na kile kinachokufaa wewe, na dunia itafaidika nyuma yako.

Na sisi kampuni je? Sisi wa idara ya masoko tunachapisha mabango ya plastiki yanayotupwa baada ya wiki mbili, na fulana ambazo nyingi huishia kupiga deki. Hatuwezi kukuomba usome stetimenti yako kama hatusomi yetu. Tunaandika haya hadharani ili ukiona bango letu jipya mtaani, uwe na haki ya kutuuliza.

Wiki hii, jaribu hivi

Fungua taarifa yako ya miamala ya mwezi mmoja. Chukua karatasi, chora sehemu tatu: moto, barabara, stima. Moto ni makaa, gesi, mafuta taa. Barabara ni nauli, boda, petroli. Stima ni tokeni. Jumlisha kila sehemu. Kama unanunua makaa kwa pesa taslimu, kadiria, maana huo ndio mstari unaojificha sana.

Tumia zile namba za mwanzo kupata kilo. Usitafute usahihi wa sayansi. Tafuta tu ni sehemu gani iliyo kubwa.

Chagua jambo moja kwenye sehemu kubwa, moja tu, ulifanye kwa mwezi. Kama ni jiko, andika tarehe uliyofungua mtungi au gunia, na tarehe lililoisha. Gawanya bei kwa siku. Hiyo ndiyo bei yako halisi ya kupika kwa siku, na ndiyo itakayokuambia ukweli kuliko tangazo lolote.

Na jambo la usalama. Mambo ya kaboni sasa yana pesa, na penye pesa matapeli hawakosi. Mtu akikutumia ujumbe kwamba utume ada ndogo ili upandiwe miti, ulipwe "pesa za kaboni", au "usafishiwe" nyayo zako, usitume kitu. Uliza ni shirika gani, limesajiliwa wapi, miti iko wapi. Na PIN yako haipandi mti wowote. Usimpe mtu.

Mwenzetu alifanya zoezi hili na mama yake Jumapili moja, kwa simu, yeye akisoma miamala na mama akihesabu mikebe kwa vidole. Walipofika mwisho mama aliuliza, "Zote hizo zimekwenda kwenye makaa?" Wiki iliyofuata alianza kuweka shilingi 50 kando. Jiko la makaa bado lipo, linawashwa nje, maharagwe yakiwa yamelowekwa tangu usiku. Meko bado haijanunuliwa. Akiba imefika siku ya kumi na tisa.